Mita ya Nne

Sianzi kwa kujisifu,
wala kwa neno nadhifu,
kazi yangu ni hafifu:
nasoma namba za mita.

Malindi, Kasuarina,
kambi isiyo na jina,
soketi zimebanana
kwenye nguzo na ukuta.

Karavani zikifika
kila moja huchomeka
waya; nami naandika
namba niliyoikuta.

Yuniti ni thelathini,
bei iko kibaoni,
hulipwa mwisho, langoni,
na risiti nazikata.

Akaja Bwana Muturi,
yeye na mke na gari,
mwezi wa joto na hari,
nyumba ndogo wakivuta.

Nyumba ndogo, msicheke,
si ya kumficha mke:
ina jiko, feni yake,
na paa linalometa.

Nikawapa namba nne,
kwenye kivuli kinene,
nikamwambia aone
tarakimu zake sita.

Akaivaa miwani,
akazichora, makini,
kwa kalamu, kiganjani,
kama hirizi ya vita.

Siku tisa wakakaa.
Usiku hawana taa:
kibatari kinang'aa
kwa vijiko vya mafuta.

Feni hawaizungushi,
chai kwa kuni na moshi,
hata simu hawawashi
ila watakapoita.

Namba ile ya kiganja
akioga, huichanja
kwa wino. Huo ujanja
hakuna wa kuufuta.

Ya kumi wakaniaga.
Hesabu nikaipiga:
si mchezo, wala soga,
ni themanini na sita.

Mzee akashituka,
kiganja akakiweka
pale nilipoandika:
mwanzo hatukuuteta.

“Mwanangu, hatukuwasha,
jasho limetuogesha,
na leo watubebesha
umeme tusoupata?”

Nikasema, “Mita, baba,
haina njaa na shiba,
haiyajui mahaba,
huhesabu cha kupita.”

Alilipa. Hakukana.
Mke hakusema tena,
alinitazama sana,
jicho likinikokota.

Magharibi siku ile
kiwanja ni tupu pale,
nyasi zimelala vile
gari lilivyozipita.

Nikapita na kurunzi,
kichwani nina utunzi,
nahesabu, mwanafunzi,
nane nane bila tata;

nguzoni chembe ya moto,
jicho dogo la mtoto
lapepesa, si la ndoto;
namba mpya ikaota.

Soketi haina kitu,
wala gari, wala mtu,
nayo hiyo mita yetu
yazidi kula, kuchota.

Nikaufuata waya
uliozikwa vibaya
hadi kisimani, haya:
pampu maji inavuta.

Maji ya bafu na choo,
ya kufulia manguo,
ya jana, juzi na leo:
ni Muturi kayaleta.

Nikampata Kalume,
fundi wetu wa umeme,
nikamwambia aseme;
akakwaruza ukuta.

“Ulikatika wa kwanza,
waya wake; nikaanza
huu; bosi hakukinza:
wiki mbili zimepita.”

Mjomba Lali asema:
“Wamekwenda, ni salama.
Usiyachimbe ya nyuma;
ukurasa huo futa.”

Lakini namba si hina
ya kufifia mchana,
wala mizani haina
mjomba wa kuiita.

Nikapima siku tatu,
pampu tu, bila ya mtu;
kwa siku, nane ni zetu,
chache wao walipata.

Pesa ile nikatuma,
mfukoni ikauma,
na ujumbe nikasema:
“Nisamehe. Nilikuta

pampu yetu kwenye nguzo.
Mita haina mchezo,
makosa ni yetu; hizo
ni haki yako kupata.”

Ameusoma, najua:
tiki zimeshachanua
buluu. Hajaamua
neno atakaloleta.

Leo kuna karavani
mpya; mwenyewe langoni
namwambia, “Kiganjani
andika namba za mita.”